JINA LAKO NDILO ULILOWEKA REHANI

 

Juzi usiku ndugu mmoja wa kanisa letu alinitumia ujumbe: "Pasta, Mungu ametenda! Benki imekubali kunipa mkopo wa nyumba ya pili. Niombee kabla sijatia sahihi Ijumaa."

Nikaanza kuandika, "Amina, pokea kwa jina la Yesu." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Kwa sababu mwaka wa 2021 mimi pia nilisimama pale anaposimama yeye. Niliomba, nikashukuru, nikatia sahihi. Yaliyofuata sijawahi kuyasema yote madhabahuni.

Leo nayasema. Nimeomba ruhusa kwa mama mchungaji kwanza, maana jina lake limo pia, naye amekubali. Nakuomba usome hadi mwisho kabla ya kuandika Amina.

Fungua Nehemia sura ya tano. Watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu, kazi ya Mungu inaendelea, lakini katikati ya kazi kunatokea kilio. Wengine wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Hawa si wapagani. Ni wajenzi wa ukuta. Mkono mmoja uko kwenye kazi ya Bwana na shingo iko kwenye deni. Nilihubiri sura hiyo mara nyingi nikiwanyoshea kidole wakopeshaji. Siku moja Roho akaniuliza, "Na wewe uliyeweka rehani, ulihesabu?"

Sikuwa nimehesabu.

Nianze mwanzo. Mwaka wa 2017 mimi na mama tulichukua mkopo wetu wa kwanza wa nyumba, shilingi milioni 3, miaka 15. Wakati ule sheria ilikuwa imeweka kikomo cha riba, na sisi tulipewa kwa asilimia 14. Kila mwezi tulilipa karibu shilingi 40,000. Mimi nilikuwa na kazi ya ofisi siku za wiki na madhabahu siku ya Jumapili, mama anafundisha. Tulibana matumizi, tukalipa. Hatukukosa hata mwezi mmoja. Nilijivunia mkopo ule kuliko nilivyojivunia nyumba yenyewe.

Kisha 2021 nikaona nyumba ya kukodisha hapa Nakuru, ina nyumba ndogo nne ndani yake, kila moja inakodishwa 12,000. Bei milioni 5. Benki nyingine, tofauti na ile ya kwanza, ikasema itanipa milioni 4 kwa asilimia 13, niweke mwenyewe milioni 1. Marejesho yalikuwa kama 50,600 kwa mwezi. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: kodi ya wapangaji 48,000, mimi naongeza 2,600 tu, na baada ya miaka 15 nyumba ni yangu. Nikamwambia mama, "Hii ni Kanaani."

Mpendwa, nikuonyeshe matobo ya bahasha ile.

Tobo la kwanza: sikuhesabu ushuru. Serikali inatoza ushuru kwa mapato ya nyumba za kukodisha. Wakati ule ilikuwa asilimia 10 ya kodi yote unayopokea, siku hizi ni asilimia 7.5. Elfu 48 zangu zilikuwa tayari zimepungua kabla sijashika hata moja.

Tobo la pili: nilihesabu kama kwamba wapangaji hawahami. Wapangaji huhama.

Tobo la tatu: nilihesabu riba kama kwamba imeandikwa kwenye mawe kama Amri Kumi. Mikopo mingi ya nyumba nchini Kenya riba yake hupanda na kushuka. Mwaka wa 2021 riba ya msingi ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 ilikuwa asilimia 13. Benki zilipandisha za kwao.

Lakini tobo la nne ndilo dhambi, na ndilo lililonifanya nikae kimya miaka hii yote. Ile milioni 1 ya kuweka mwenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa na laki tatu. Laki saba nilizikopa kwenye sako, na wadhamini wangu wakawa watu wa kanisa. Sako yetu wakati huo haikuwa ikipeleka taarifa zake CRB, kwa hiyo benki haingeuona mkopo ule isipokuwa mimi niuseme. Fomu ya benki iliuliza kama nina deni jingine. Niliandika mkopo wa nyumba ya kwanza. Wa sako sikuuandika. Niliacha nafasi ile wazi, nikasema moyoni, "Mungu ataniinua."

Nikatia sahihi. Mama naye akatia sahihi, kwa sababu mkopo tuliuchukua pamoja. Jumapili iliyofuata nikatoa ushuhuda. Kanisa likapiga vigelegele.

Sasa jumlisha nami: elfu 40 ya nyumba ya kwanza, elfu 50 na 600 ya nyumba ya pili, na elfu 18 na 400 ya sako. Karibu 109,000 kila mwezi, kabla ya unga, kabla ya karo, kabla ya fungu la kumi. Benki iliona 90,600 tu. Ile nyingine niliiona mimi na Mungu.

Miaka miwili tulienda hivyo hivyo, tukipumua kwa shida. Mwaka wa 2023 makato ya mishahara yakaongezeka, ya NSSF na ya nyumba za serikali. Wapangaji wawili wakahama, nyumba zikakaa tupu. Riba ikaanza kupanda. Kufikia mapema 2024, mkopo wa pili ulikuwa umefika 60,000 hivi kwa mwezi, wa kwanza 44,000. Pato la kodi lilikuwa limeshuka hadi 24,000, na marejesho yamepanda kwa 13,400 hivi. Fanya hesabu mwenyewe. Kila mwezi kulikuwa na shimo la 37,400 hivi ambalo mwaka wa 2021 halikuwapo.

Nikaanza kuchagua nani nisimlipe. Nikaanza na sako, kwa sababu niliwaza, "Sako haina dalali wa mnada." Nikawa nalipa nusu, kisha nikaacha kabisa.

Wapendwa, sako haina dalali, ni kweli. Ina wadhamini.

Januari 2024, baada ya ibada, mama mmoja shemasi alinisubiri mlangoni. Ni mjane, anauza nguo za mtumba sokoni. Mwanawe alikuwa ameitwa Kidato cha Kwanza. Alikuwa ameenda sako kuomba mkopo wa karo, wakamwambia akiba yake imeshikwa kwa sababu mtu aliyemdhamini ana malimbikizo. Hakunikemea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Pasta, nimeambiwa akiba yangu imeshikwa. Nilitaka kujua kama ulikuwa unajua."

Nilikuwa najua.

Siku hiyo nilikuwa nimehubiri juu ya kuongezeka.

Mithali sura ya 6 inamwonya mtu aliyejifunga kwa ajili ya jirani yake aende haraka akajiokoe, asilale usingizi. Na sura ya 22 inamwonya mdhamini kwamba anaweza kunyang'anywa hata kitanda anacholalia. Nilikuwa nimelisoma hilo kama onyo kwa wanaodhamini. Mlangoni pale nilijiona mimi ndiye niliyekuwa nikivuta kitanda cha mjane.

Karo ya mtoto yule tuliitafuta. Mama mchungaji aliuza cherehani yake na ng'ombe mmoja wa kwao, kijana akaenda shule. Lakini shimo lilibaki, na kuanzia Februari nikaanza kukosa mkopo wa pili wa nyumba. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Benki ikaleta barua kwamba nikizidi kutolipa jina langu litapelekwa CRB kama mdaiwa asiyelipa. Nikaiweka kwenye Biblia, nikafunga kwa maombi siku tatu. Kufunga ni kuzuri. Lakini barua ile ilihitaji kujibiwa, na mimi sikujibu. Siku 90 zikapita. Mkopo ukihesabiwa umelala siku 90, benki huuandika kuwa mkopo mbovu. Jina langu likaenda. Na la mama likaenda pamoja na langu, mwalimu ambaye tangu nimjue hajawahi kuchelewesha hata mchango wa chama.

Hapa ndipo nataka unisikie vizuri, wewe unayefikiria mkopo wa pili.

Nilikwenda kwa benki ya kwanza, ile ya nyumba tunayoishi. Nilikwenda kifua mbele. Kwao sikuwa na doa, miaka saba sijakosa. Nikaomba waniongezee miaka ya kulipa ili marejesho yapungue. Afisa akafungua kompyuta, akanyamaza, kisha akanigeuzia kioo nikasome mwenyewe. Akasema, "Pasta, mkopo wetu uko sawa. Lakini jina ni moja."

Jina ni moja! Nilifikiri nina mikopo miwili, kila mmoja na benki yake, kila mmoja na chumba chake. Kumbe yote miwili ilisimama juu ya jina moja, na ukuta mmoja ukianguka, nyumba zote zinatikisika. Miaka saba ya uaminifu haikufutwa, bado imeandikwa mle. Lakini ilikuwa imekaa ukurasa mmoja na miezi minne ya kutolipa, na ile miezi minne ndiyo iliyosomwa kwanza.

Wengi wetu tukisikia CRB tunafikiri ni jela ya wadaiwa. Si hivyo. Ukishakopa benki, umo tayari, ulipe usilipe. Kuna kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kutunza taarifa hizi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Wanaandika mema na mabaya: umekopa wapi, kiasi gani, unalipa kwa wakati au unachelewa, umeomba mikopo wapi na wapi. Kutokana na hayo wanakupa alama. Kwa Metropol, kwa mfano, alama ni kati ya 200 na 900, na aliye juu ndiye anayeaminika zaidi.

Kwa hiyo mkopo wa pili wa nyumba peke yake si laana. Mtu mwenye mikopo miwili anayeilipa yote kwa wakati, anajenga jina lake mara mbili. Benki itatazama tu marejesho yake yote kwa pamoja ikilinganisha na mapato yake, na nafasi yake ya kukopa kwa ajili ya jambo jingine itakuwa ndogo hadi deni lipungue. Hilo ni la kawaida. Shida ni kwamba aliye na mikopo miwili na pato moja ana milango miwili ya kuanguka. Akianguka katika mmoja, anaanguka katika yote.

Na doa halifutiki siku unapolipa. Ukishamaliza deni lililoandikwa kuwa bovu, rekodi yako itaonyesha kwamba umelipa, lakini historia ya kwamba ulishindwa hukaa miaka mitano. Damu ya Yesu husafisha dhambi mara moja, wapendwa, nalihubiri hilo na nitalihubiri hadi kufa. Lakini mavuno ya tulichopanda duniani mara nyingine tunayavuna kwa misimu yake.

Tulitokaje? Hakuna malaika aliyeleta hundi. Nilirudi kwa benki ya pili, safari hii nikaeleza yote, hata ule mkopo wa sako niliouficha. Nilitetemeka. Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kukuuzia nyumba ghafla kwa sababu umekosa kulipa. Kuna notisi ya miezi mitatu ya kukutaka urekebishe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye hukupa siku 45 za kukomboa. Mimi niliipoteza ile miezi ya kwanza kwa kujificha. Iliyobaki niliitumia kutafuta mnunuzi mwenyewe, benki ikakubali. Novemba 2024 tuliuza ile "Kanaani" kwa bei ya chini kuliko tuliyonunulia. Tukalipa benki, tukalipa malimbikizo, kilichobaki tukakipeleka sako. Akiba ya yule mama shemasi ikafunguliwa. Nilikwenda nyumbani kwake na mama mchungaji, nikaomba msamaha mbele ya mwanawe. Alitupikia chai. Sikustahili chai ile.

Jina langu na la mke wangu litabeba historia hiyo hadi 2029. Nyumba ya kwanza bado tunailipa. Hatujakosa.

Ndugu yangu wa Ijumaa, nawe mwingine unayesoma kimyakimya, Bwana Yesu katika Luka 14 alimzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Alisema aketi kwanza ahesabu gharama. Aketi! Kuhesabu si kukosa imani. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa keti ufanye haya:

Moja. Omba ripoti yako ya CRB. Sheria inakupa nakala moja bure kila mwaka. Isome na mwenzi wako. Ukiona deni usilolijua au kosa, una haki ya kulalamika lirekebishwe. Afadhali ulione leo kuliko kuonyeshwa na afisa wa benki.

Pili. Andika madeni yako yote kwenye karatasi moja. Ya benki, sako, chama, ya simu, hata ya jirani. Kama kuna deni ambalo hutaki mwenzi wako au benki ilione, hilo ndilo litakalokuangusha.

Tatu. Hesabu mkopo wa pili kama kwamba riba imepanda kwa asilimia 4 na nusu ya wapangaji wamehama. Sheria ya kazi inasema makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Hicho ni kikomo cha sheria, usikigeuze kuwa lengo lako. Kama huwezi kulipa miezi sita bila kodi ya wapangaji, bado haujawa wakati.

Nne. Usikope pesa za kuweka amana. Ukikopa ili ufuzu kukopa, umejidanganya mara mbili.

Tano. Nyumba ya familia isiwekwe rehani bila mwenzi wako kuelewa. Sheria inataka ridhaa yake, lakini usitafute sahihi tu. Mweleze hadi aweze kukueleza wewe. Mama alitia sahihi kwa sababu aliniamini. Aliamini bahasha yangu.

Sita. Ukikwama, nenda mapema. Nenda mwezi wa kwanza, kabla ya siku 90. Benki inaweza kupanga upya mkopo wa mtu anayekuja, lakini anayejificha inamwandikia barua. Na waambie wadhamini wako kabla hawajaambiwa na sako.

Mithali inasema jina jema lafaa kuliko mali nyingi. Nilikuwa nalisema kwenye mazishi, nikisifia marehemu. Sasa nalisema kwa walio hai, wanaoelekea kutia sahihi. Hati ya nyumba inakaa kwenye kabati ya benki, lakini jina lako ndilo uliloliweka rehani, pamoja na jina la aliyekuamini akatia sahihi kando yako.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipoita tamaa zetu imani. Wakumbuke wote ambao leo wana barua ambayo hawajaifungua, wape ujasiri wa kuifungua. Wakumbuke wadhamini walioumizwa na watu wa nyumba yako, na sisi tuliowaumiza tupe miguu ya kwenda kuomba msamaha. Tufundishe kuketi na kuhesabu. Kwa jina la Yesu, amina.

Ndugu wa Ijumaa alinipigia simu jana. Hajaamua kukataa, na mimi sikumwambia akatae. Ameomba benki impe wiki mbili, ameagiza ripoti yake, na kesho jioni yeye na mkewe wanakuja kwetu na karatasi zao zote. Mama atapika chai.

Kama ujumbe huu umekugusa, andika Amina hapo chini. Kisha mpelekee mtu mmoja unayejua amekudhamini mahali, umwambie mkopo unaendeleaje.

Ni mimi mtumishi mwenzenu, ambaye bado analipa. Mbarikiwe.